Khabari za Mvua na Upepo: Akili Mnemba, Ziwa Tanganyika na Kanuni ya Mapokezi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzipeleka pepo na kuyaendesha mawingu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja baada ya darsa ya Magharibi hapa Ujiji alitubakilia kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu, akangoja wenzake watoke, kisha akatueleza jambo lililomkaa moyoni. Ndugu zake wawili ni wavuvi wa dagaa. Katika usiku wa giza wa mwezi uliopita waliitazama simu kabla ya kutoka, ikawaonesha kuwa upepo utakuwa mdogo, nao wakaenda. Kabla ya alfajiri ikaja dhoruba. Wao walirudi bila nyavu wala taa. Jirani yao aliyekuwa katika mtumbwi mwingine hakurudi.

Kijana alikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, ndugu zake waliingia katika shirki kwa kuisadiki simu juu ya jambo la ghaibu? Kwani msikitini kwao walikwisha kuambiwa kuwa utabiri wote ni ukuhani. La pili: ikiwa si shirki, je, waendelee kuitazama simu hiyo au waiache? Kwani vijana wenzake wanamwambia kuwa siku hizi utabiri unafanywa kwa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, na kwamba mashine hiyo haikosei.

Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, na wenyewe hatukuridhika na jawabu letu. Makala haya ni kulikamilisha. Tumeona tulikamilishe kwa njia ya tarekhe, kwa sababu swali hili, japokuwa chombo chake ni kipya, limekwisha kuulizwa na waliotutangulia kwa sura nyingine, na wao walituachia kanuni ya kulipimia.

NENO "UTABIRI" NA ASILI YAKE

Sehemu ya mkanganyiko wa watu wetu inatokana na lugha. Katika Kiswahili neno moja la "utabiri" hutumika kwa mpiga ramli aliyekaa barazani na kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Katika Kiarabu mambo haya mawili hayakutani. La mpiga ramli ni kahana, na hilo limeharamishwa bila ya khilafu. Ama asili ya neno letu ni taabiri, litokanalo na herufi za ayn, ba na ra, ambazo maana yake ya msingi ni kuvuka, kama mtu anavyovuka mto. Ndiyo maana kufasiri ndoto kukaitwa kutaabiri, kwani mfasiri huvuka kutoka kwenye alama aliyoelezwa kwenda kwenye maana iliyo nyuma yake.

Hapo ndipo penye farki. Kuhani hana upande aliokuwapo kabla ya kuvuka. Hudai kujua bila ya alama, au kwa kupewa na majini. Ama anayetazama wingu, upepo na joto la maji, kisha akasema kuwa mvua inakaribia, huyo amevuka kutoka kwenye dalili. Anaweza kukosea njiani, lakini hakudai ghaibu.

Wako wanaotoa hoja kwa aya ya mwisho ya Surat Luqman, ambayo ndani yake kumetajwa kuteremshwa kwa mvua miongoni mwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo ni ya haki, lakini iwekwe mahali pake. Ibn Kathir (aliyefariki mwaka 774 Hijria) ameeleza katika tafsiri yake kuwa mvua haijui ila Mwenyezi Mungu, lakini akishaiamrisha huijua malaika waliowakilishwa nayo na awatakao miongoni mwa viumbe vyake. Basi wingu lililokwisha kuumbwa, na upepo uliokwisha kuanza kuvuma, ni katika mambo yaliyotoka kwenye ghaibu na kuingia katika mushahada. Kuyasoma ni kusoma kilichokwisha kudhihiri.

MLANGO MMOJA WA MUWATTA

Msomaji anayetaka kuona namna maimamu walivyolishughulikia jambo hili na afungue Muwatta ya Imamu Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria), katika kitabu cha kuomba mvua, mlango wa kuomba mvua kwa nyota. Ameweka humo riwaya mbili zikifuatana.

Ya kwanza ni hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), ambayo pia imo katika Bukhari na Muslim. Ilinyesha mvua usiku pale Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, na baada ya sala ya asubuhi Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba kuwa kumepambazuka watu wakiwa makundi mawili: aliyesema kuwa wamepata mvua kwa fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu, huyo amemuamini Mola wake na kuikanusha nyota, na aliyeinasibisha mvua na nyota fulani, huyo ni kinyume chake.

Ya pili, na hii ndiyo wengi huipita bila ya kuizingatia, ni riwaya inayosema kuwa wingu likizuka upande wa bahari kisha likaelekea Sham, hiyo ni alama ya maji mengi. Tazama basi: katika mlango mmoja, na riwaya zikifuatana, Imamu Malik amekataza kuinasibisha mvua na nyota, na akasimulia alama ya kujulia mvua. Wafafanuzi wa Muwatta wameeleza kuwa hakuna mgongano. Kukataza kumekuja juu ya itikadi ya kuwa nyota ndiyo itendayo. Ama kutaja ada aliyoiendesha Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, hakuna ubaya. Na Imamu Shafi katika al-Umm amefafanua vivyo hivyo: mwenye kusema kuwa wamepata mvua katika wakati wa nyota fulani, akikusudia wakati tu, hana kufuru, japokuwa Imamu alipenda maneno mengine zaidi ya hayo.

Lakini kuna jambo lingine katika riwaya ya wingu ambalo ndilo msingi wa makala haya. Imamu Malik ameileta bila ya sanadi, kwa kusema tu kuwa imemfikia. Ni katika zile ziitwazo balaghat. Akaja Ibn Abdil-Barr (aliyefariki mwaka 463 Hijria), mwanachuoni mkubwa wa Andalus, akazifuatilia balaghat za Muwatta moja baada ya moja, akazipatia sanadi isipokuwa nne, na hii ya wingu ni mojawapo ya hizo nne. Akaja baadaye Ibn Salah (aliyefariki mwaka 643 Hijria) akaandika risala maalumu ya kuziunganisha nne hizo.

Tuzingatie. Maneno yalikuwa juu ya wingu na mvua, hayakuwa juu ya halali na haramu, na msimuliaji wake alikuwa ni Imamu wa Madina. Hata hivyo wanavyuoni walitumia karne nne na ushei wakiuliza: khabari hii imepokewa kutoka kwa nani? Hivi ndivyo umma huu ulivyofunzwa. Khabari haikubaliwi kwa ukubwa wa mwenye kuileta peke yake, wala haikataliwi kwa kuwa inazungumzia mbingu. Hupimwa kwa mapokezi yake.

BAHARI, MIONGO NA PEPO

Waislamu hawakuacha kuangalia mbingu kwa hofu ya shirki. Ibn Qutayba (aliyefariki mwaka 276 Hijria) alitunga Kitabul-Anwa, akikusanya yale Waarabu waliyoyajua juu ya nyota, pepo na mvua. Ahmad bin Majid wa Julfar, pwani ya Ghuba, alikamilisha mwaka 895 Hijria, sawa na 1490 Miladia, kitabu chake cha misingi ya elimu ya bahari, na humo amezieleza nyakati za kusafiri, yaani mawasim. Ni kutokana na neno hilo mausim ndipo sisi tukapata neno letu la "msimu".

Katika mwambao wetu wazee walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini kaskazi inaingia na lini kusi inashika. Walipokuja bara pamoja na misafara, majina ya pepo yalikuja nao. Mpaka leo mvuvi wa Ujiji na Katonga akisema "kusi" anakusudia upepo wa kusini unaotawala kiangazi, takriban kuanzia Mei hadi Septemba. Upepo huo huyasukuma maji ya juu ya ziwa kuelekea kaskazini, na maji baridi ya chini yenye rutuba yakapanda upande wa kusini, na samaki wakafuata chakula.

Elimu hii ilipokewa kwa vifua, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na ilikuwa sahihi katika mengi. Upungufu wake ni kuwa haikuandikwa, na elimu ya vifuani huzikwa na wenyewe.

AKILI MNEMBA NI ISTIQRAI

Tuingie sasa katika chombo chenyewe. Mwaka 1922 Mwingereza aitwaye Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu akieleza namna ya kuijua hali ya hewa ijayo kwa kukokotoa kanuni za mwendo wa hewa na joto. Alijaribu kwa mkono wake kukokotoa mabadiliko ya saa 6 tu. Hesabu ilimchukua wiki kadhaa na jibu likatoka mbali na kweli. Hata hivyo njia ilikuwa sahihi, na kompyuta zilipopatikana ndiyo ikawa njia ya ulimwengu mzima. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa wa muda wa kati, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuwa na makao yake Reading, Uingereza, kimefanya kazi kwa njia hiyo kwa kompyuta kubwa mno.

Njia ya akili mnemba ni nyingine. Mashine haipewi kanuni za hewa. Hupewa kumbukumbu za siku zilizopita, maelfu kwa maelfu: joto lilikuwa kiasi gani, upepo ulitoka wapi, unyevu ulikuwaje, na baada ya saa 6 kulitokea nini. Kwa kuzipitia kumbukumbu hizo tena na tena, hujifunza kuwa hali kama hii kwa kawaida hufuatiwa na hali kama ile. Mwaka 2023 kampuni ya Huawei ilitangaza mfumo wake uitwao Pangu-Weather, na mwaka huo huo Google DeepMind wakatangaza GraphCast, ambayo hutoa utabiri wa siku 10 wa dunia nzima kwa muda usiofika dakika moja, na katika vipimo vingi ikaushinda utabiri wa kompyuta kubwa. Februari 2025 kile Kituo cha Ulaya chenyewe kikaanza kutumia rasmi mfumo wake wa akili mnemba sambamba na ule wa kanuni.

Mwanafunzi wa madrasa asishtuke. Jambo hili analo katika usuli, na jina lake ni istiqrai, yaani kuchunguza matukio mengi ili kupata hukumu ya jumla. Je, hatukusoma katika Safinatun-Najah kuwa uchache wa hedhi ni siku moja na usiku wake, na wingi wake ni siku 15? Imamu Shafi alizipata wapi idadi hizo? Hazikuja katika aya wala katika hadithi sahihi. Alizipata kwa istiqrai, kwa kuuliza na kuchunguza ada za wanawake. Na juu ya uchunguzi huo zimejengwa sala na saumu za mamilioni ya wanawake wa madhehebu yetu mpaka leo.

Lakini mwanafunzi huyo huyo amefundishwa pia kuwa istiqrai ni namna mbili. Iliyo kamili huyazunguka matukio yote na hupelekea yakini. Isiyo kamili huchunguza baadhi tu, nayo hupelekea dhana. Na nguvu ya dhana hiyo hufuata wingi na usahihi wa kilichochunguzwa. Kwa hiyo, anayesema kuwa mashine hii inajua kila kitu hajui usuli, na anayesema kuwa ni ukuhani hajui mashine. Ni istiqrai isiyo kamili. Swali lililobaki ni lile lile la Ibn Abdil-Barr: imechunguza nini, na imepokea kutoka kwa nani?

DAFTARI LA ZIWA LETU

Hapa ndipo tarekhe ya ziwa letu inapoingia, na tunaomba msomaji awe pamoja nasi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, upana wake kwa wastani ni kilomita 50, na kina chake hufika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone katika mji huu. Aliporudi mwaka 1876 aliona maji yamepanda, na michikichi aliyoiona imesimama sokoni mara ya kwanza sasa imo ziwani. Wakati huo Mto Lukuga, ulio upande wa Kongo na ndio njia ya pekee ya ziwa kutolea maji, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Cameron aliufika mwaka 1874 akaukuta hivyo. Kisha mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Edward Hore, mmisionari aliyekuwa akiishi Ujiji wakati Mwinyi Kheri ndiye mkubwa wa mji, aliweka alama ya kupimia maji akaliona ziwa likishuka, na mwaka 1879 akaenda akauona Lukuga ukitiririka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Ufukwe wa Ujiji ukarudi nyuma, na leo mnara wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley uko mbali na maji. Ghuba ya Kigoma yenye kina ndiyo iliyofikiwa na reli mwaka 1914, na Ujiji, iliyokuwa mlango wa misafara, ikabaki pembeni.

Mji mzima ulibadilika kwa sababu ya mto mmoja kuziba na kuzibuka. Na tazama ni nani waliotuandikia: wasafiri na wamisionari. Wazee wetu waliokuwa na wino, karatasi na hati nzuri za Kiarabu waliyaona yote hayo kwa macho yao, lakini daftari la maji tunalolisoma leo ni la wageni. Tunayasema haya si kwa kuwalaumu, bali ili sisi tusilaumiwe na watakaotufuata.

Baada ya hapo yalikuja mengine. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ziliyainua maziwa ya Afrika Mashariki, na Tanganyika likafika kilele mwaka 1964. Na katika miaka ya hivi karibuni, hasa mwaka 2024, maji yamepanda tena yakaingia majumbani na sokoni katika miji ya mwambao kama Bujumbura na Uvira, na huku kwetu Kigoma pia.

Sasa tulinganishe. Pangu-Weather na GraphCast, zote mbili, zilisomeshwa kwa kumbukumbu za kuanzia mwaka 1979. Kwa hiyo hazikulisoma tukio la 1878, wala mvua za 1961. Mzee wa miaka 80 wa Ujiji ameona kwa macho yake jambo ambalo mashine hizo hazikulisoma. Jingine: mashine hizo huigawa dunia katika miraba, kila mrabaa upande wake takriban kilomita 28. Maana yake ni kuwa ziwa letu, kutoka ukingo wa Kigoma mpaka ukingo wa Kongo, linaingia katika miraba kama miwili. Dhoruba inayozuka usiku baina ya milima na maji, ikazamisha mitumbwi minne kisha ikaisha, ni ndogo kuliko mrabaa wenyewe. Na la tatu: kumbukumbu zenyewe katika eneo letu zina mapengo. Vituo vya kupimia ni vichache pande zote za ziwa, na pasipo na kituo, pengo hujazwa kwa hesabu na kwa picha za satelaiti. Kwa lugha ya wenye hadithi, hiyo ni sanadi yenye wapokezi walioanguka katikati. Haitupwi, lakini haiwekwi daraja moja na iliyoungana.

Ndiyo maana wataalamu wenye insafu wamekwenda kuitafuta sanadi mahali pengine. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma tabaka za matope ya chini ya ziwa hili, wakaeleza kuwa maji yake ya juu sasa yana joto kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Kabla yao, mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kuwa joto hilo linazuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Mvuvi anayesema kuwa dagaa na migebuka imepungua ameipata khabari hiyo kwa njia yake, na matope yamemshuhudilia. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili ili samaki wapate kuzaliana. Wengi walinung'unika kwa dhiki ya riziki, na dhiki hiyo ilikuwa ya kweli, lakini mwenye kuijua khabari hii hawezi kusema kuwa hatua ile haikuwa na dalili.

MFANO WA ZIWA JIRANI

Ili isidhaniwe kuwa tunakatisha tamaa, tutaje la Ziwa Viktoria. Huko nako dhoruba za usiku zimeua wavuvi wengi. Mwaka 2017 Wim Thiery na wenzake walionesha kuwa dhoruba za usiku juu ya ziwa lile zinaweza kujulikana mapema kwa kutazama, kwa satelaiti, mvua za radi zilizopiga nchi kavu kandokando yake mchana. Hiyo ni alama ya kujulia, kama lile wingu la Sham. Baina ya 2017 na 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, pamoja na mamlaka za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, waliendesha mradi wa tahadhari kwa wavuvi. Rada ya Mwanza ilitumika, na wavuvi wenyewe waliulizwa ni kwa lugha gani wataielewa khabari. Tathmini ya mradi ilikadiria kuwa vifo vya ziwani vitokanavyo na hali ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Huko Nairobi, kituo cha kikanda cha ICPAC, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, wametengeneza akili mnemba inayouchukua utabiri mkubwa wa dunia na kuusahihisha kwa mvua zilizoonekana hapa hapa Afrika Mashariki. Na huku kwetu, Kigoma ni miongoni mwa mikoa iliyopata rada ya hali ya hewa. Rada huona wingu la mvua palepale linapozuka. Kwa hiyo sanadi ya ziwa letu imeanza kuungwa. Haijatimia.

HUKUMU

Baada ya utangulizi huo tunasema, na tawfiki inatoka kwa Mwenyezi Mungu:

La kwanza, kusikiliza utabiri wa hali ya hewa na kuufanyia kazi si shirki wala si ukuhani, uwe wa mwanadamu au wa akili mnemba, maadamu msikilizaji anaitakidi kuwa mwenye kuleta mvua na upepo ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kuwa hiki ni kisomo cha ada aliyoiendesha. Ama anayesema kuwa mashine haikosei, huyo ndiye wa kuonywa, kwani amekipa kiumbe sifa isiyokuwa yake.

La pili, khabari hiyo ni dhana, na dhana yenye nguvu hufanyiwa kazi katika fiqhi yetu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa kumpasa mtu kupanda bahari kwa ajili ya Hija kunafungamana na kushinda kwa usalama. Ikiwa hata Hija, nguzo ya dini, haiwajibiki kwa njia ya bahari pale hatari inaposhinda, basi vipi mtu aiingie hatari hiyo kwa ndoo za dagaa au kwa nauli? Tahadhari ikitolewa na wenye ujuzi, hatari imeshinda katika dhana. Nahodha anayeng'oa nanga baada ya hapo na abiria wake amefanya uzembe, na mwenye uzembe hudhamini. Disemba 2014 meli ya Mutambala ilizama upande wa Kongo ikiwa imejaza watu kupita kiasi na upepo ukivuma. Walikufa zaidi ya watu 100. Roho hizo haziwekwi kwenye kadari kisha watu wakanyamaza juu ya uzembe.

La tatu, anayetoa utabiri bila ya ujuzi anaingia katika hukumu ya mwenye kutibu hali hajulikani kwa utabibu, ambaye Mtume (s.a.w.) amembebesha dhamana. Wanaorusha katika simu picha za dhoruba na maonyo wasiyoyajua asili yake na wajihadhari, na sisi tunaozipokea tukumbuke amri ya Surat al-Hujurat ya kuhakikisha khabari kabla ya kuitendea.

La nne, kujua na kuhifadhi vipimo vya mvua, maji na upepo ni fardhi ya kutosheleza. Imamu Ghazali amehesabu utabibu na hesabu katika fardhi hizo kwa kuwa dunia haisimami bila ya hayo, na kuhifadhi roho za wavuvi haiko chini ya hapo. Kwa hiyo tunawanasihi maimamu wa misikiti ya mwambao, kuanzia Kibirizi mpaka Kalya: kila msikiti uwe na daftari. Kijana mmoja aandike kila siku tarehe ya Hijria na ya Miladia, mvua ilinyesha au haikunyesha, upepo ulitoka wapi, maji yamefika jiwe gani. Wazee waulizwe na majibu yao yaandikwe pamoja na majina yao. Nakala zipelekwe kwa watu wa hali ya hewa wa mkoa. Ni kazi ndogo, na ikidumu miaka 30 huenda ikawa sadaka yenye kuendelea.

JAWABU LA KIJANA

Tulimwita yule kijana tukamwomba atuoneshe simu ya ndugu yake. Tulipoisoma pamoja, tuliona kuwa khabari waliyoitegemea usiku ule ilikuwa ni ya mji wa Kigoma, nchi kavu. Juu ya jina la mji haikutaja ziwa hata kidogo. Mjini, kwa kadiri wanavyokumbuka, upepo haukuwa mkubwa mpaka karibu na alfajiri. Basi huenda simu haikusema uongo. Wao waliichukua khabari ya mahali pamoja wakaitumia mahali pengine, na hilo ni kosa analolijua kila aliyesoma usuli: kuipeleka hukumu pasipo na illa yake.

Tukamwambia: ndugu zako hawakufanya shirki. Waendelee kutazama, lakini watafute tahadhari ya ziwa itolewayo na Mamlaka, na kabla ya kutoka wamuulize mzee aliyepo mwaloni, na wakiona mawingu ya radi yanajikusanya juu ya milima ya Kongo jioni, waache nyavu zikauke. Riziki ya usiku mmoja Mwenyezi Mungu atailipa.

Akauliza: na jirani yetu? Tukamwambia kuwa aliyekufa kwa kuzama, Mtume (s.a.w.) amemhesabu katika mashahidi. Kisha tukamkabidhi daftari jipya, tukamwambia aandike ukurasa wa kwanza tarehe ya usiku ule na upepo wake, ili asije mtu baadaye akasema kuwa haikupokewa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.